Dawa ya Mama Kahambu

Jumatano, 19 mai 2021

Mutoto wangu Prodige anaota meno. Nimelala kidogo sana! Lakini nimemfikisha mama mukwe, Mama Kahambu, mtaa wa Himbi, hospitali kwa dokta Zéphirin. Kansa ya titi imerudi. Kuna dawa mpya: imefungwa ndani ya vidude vya mafuta, vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Vinatembea ku damu, vinashusha mzigo pale penye uvimbe, moyo hauumii sana. Nimependa — kama motari wa pikipiki anayejua nyumba ya mteja.

Nyumbani mama mukwe amesema harudi. Dokta anataka kumutia vidudu ku damu! Ya Ebola kule Beni yalimutosha.

Alhamisi, 20 mai

Vidude, mama, si vidudu. Nimerudia hivyo siku nzima. Jirani Émérance amekuja, nikafikiri atanisaidia — naye amesema hata yeye vidudu hawezi kukubali. Aksanti sana, Émérance.

Nimepigia dokta. Amecheka mpaka amekohoa, kisha amemueleza yote kwa Kinande. Mama mukwe ameuliza jambo moja tu: mafuta ya nini? Karibu kama ya soya, dokta akajibu.

“Soya, sawa.”

Randevu ya kutiwa dawa ni Jumatatu.

Jumapili, 23 mai

Volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka jana! Tulikimbia na mtaa wetu wa Katoyi yote, Prodige mgongoni, mama mukwe na sufuria ya maharagwe, hataki kuiacha. Leo tumerudi. Nyumba iko. Julien, baba ya mutoto, yuko Rutshuru, simu haishiki.

Jumatatu, 24 mai

Ardhi inatetemeka. Hospitali haina kura, umeme umekatika. Dawa iko ku barafu, dokta anasema tungoje. Mama mukwe sasa anafunga kitenge juu, kufunika titi la upande mumoja. Naona.

Alhamisi, 27 mai

Redio imesema watu waondoke mjini, volkano inaweza kulipuka tena. Dokta amepiga: barafu inaisha, mukuje sasa. Tumepita katikati ya watu wote na magodoro yao mpaka hospitali.

Serumu yenye dawa inashuka polepole ku mushipa, nyekundu kama jus ya matunda. Wagonjwa wengine wako tayari ndani ya camion, lori la kuwahamisha. Infirmière, muuguzi, amekuja mara ya pili: dereva hangoji. Chupa bado nusu, inacheza na tetemeko. Nimeuliza kama tuchomoe sindano.

“Mama Prodige, peleka mutoto. Mimi sitoki mpaka iishe.”

Mama mukwe amesema hivyo, huku Prodige amelala ku mukono wake usio na sindano. Nitamutoa namna gani pale?

Camion inapiga honi. Nimevua viatu, nimeketi kando yao.