Pipa la Maranda na Ndoo ya Mama Mkwe

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimehukumiwa. Mume wangu Mayen alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye kochi, akapitisha kidole mezani, kisha akakiinua nikione. Kilikuwa na unga wa mahogani. Kweli, kilikuwa nao, sikatai. Vumbi la msumeno wangu hupita chini ya mlango wa gereji, huingia sebuleni na kukaa bila kulipa kodi.

Hukumu yenyewe: nina hadi Jumamosi ya tarehe 21. Vumbi likiendelea kuingia, mbao zangu nje, gari lake ndani. Ati jua linalichubua rangi, na sasa mvua zimeanza. Maskini gari. Mimi nikichubuka hakuna anayenitafutia paa.

Mama yake, Mama Abuk, alikuwa papo hapo na chai yake. Alikuja Pasaka, kwa wiki moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — wetu ana mwezi wa pili na jembe nimelishika mimi. Akasema kwa Kidinka, polepole ili "huyu wa Kenya" aelewe, kwamba kwao hajaona mwanamke wa kuranda mbao, na kwamba ile ni gereji ya mwanawe. Huyu wa Kenya ni mimi. Nimezaa mjukuu wake, nimemlea hadi akaenda bweni Kitale, na bado sina jina.

Naogopa, niseme ukweli. Tangu ofisi yetu ya mtaa wa Thongpiny, hapa Juba, ifungwe, gereji ndiyo mahali pekee ambapo nikipima kitu kinakaa nilivyokipima. Sitaki kuiacha.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetazama video mpaka bando likaisha. Kuna jamaa mwenye gereji kubwa kuliko kanisa letu. Kwake ni rahisi: feni inavuta hewa kutoka kwenye msumeno, hewa inazunguka ndani ya koni ya bati, maranda yanaanguka kwenye pipa chini, na hewa iliyobaki inatoka nje kwa paipu. Kwisha. Ana umeme saa zote pia, lakini hilo hakulitaja.

Jioni Mama Abuk alikuwa uani akipigana na mbu. Kila jioni ni hotuba ile ile: kwenye kambi yao ya ng'ombe mavi yakiwashwa, mbu hakaribii, mtu analala kama mtoto. Juba kuna nini? Nikamletea dawa ya mbu ya kuwasha, ile iliyojizungusha kama konokono. Akainusa, akanirudishia. Haina harufu ya kitu chochote, alisema. Mavi ya ng'ombe sina, nisamehewe.

Jumamosi, 7 Juni

Soko la Custom. Nimepata feni ya jikoni ya hoteli moja iliyofungwa, nzito, ina mafuta ya chipsi ya miaka yote. Pipa la plastiki nimenunua kwa Salat, yule wa Garissa. Niliuliza kama ni gumu.

"Dada, walahi, hii pipa hata ukifungia shetani ndani hatoki."

Sikumwuliza kama limewahi kujaribiwa.

Paipu nimekatiwa na Griffin, fundi Mganda wa pale nyuma. Akapima, akakata, akaniangalia kwa huruma. "Madamu, mimi iko na paipu ya inchi nne mingi. Lakini hii choo yako, mbona inapanda juu?" Nikamweleza ni ya kuvuta vumbi. Akafikiri kidogo. "Vumbi ya Juba?" Akacheka mpaka akaweka msumeno chini.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimekunja bati likawa koni, nikaunganisha kila kitu. Umeme wa mji ulikuwepo. Nimewasha. Feni ikanguruma vizuri, nikajisifu, nikaziba mdomo wa paipu kwa kiganja ili nione nguvu yake.

Nguvu ipo. Pipa lilijikunja ndani kwa mlio mmoja — bomu kabisa. Majirani wakanyamaza. Mbwa akanyamaza. Katika mji huu hakuna anayeuliza mlio huo ni wa nini, watu wanalala chini kwanza, maswali baadaye. Nilipoingia sebuleni Mayen alikuwa chini ya meza. Ati anatafuta rimoti. Rimoti ilikuwa mkononi mwa mama yake, ambaye hakuwa ameinuka hata kidogo. Alisema tu, "Huyu wa Kenya ameua pipa."

Nilicheka gerejini, peke yangu. Halafu nikalitazama lile pipa lililobonyea na sikucheka tena. Siku zinakwenda.

Jumatano, 11 Juni

Pipa la chuma sasa. Salat amekubali kwamba shetani wa plastiki alikuwa na matatizo, akanipunguzia bei. Halikubonyea. Ila kifuniko kilikuwa kinavuta hewa pembeni, na mimi, mtu wa haraka, sikukikagua. Maranda hayakuanguka ndani. Yalipita moja kwa moja hadi kwenye paipu ya nje.

Paipu ya nje nilikuwa nimeielekeza uani. Na uani kuna nani?

Mama Abuk alikuwa vumbi tupu kuanzia kichwani hadi kwenye ndara, kama kijana wa kambini aliyejipaka majivu. Nilisimama mlangoni nikingoja kufukuzwa nchini. Hakupiga kelele. Alijipangusa uso, akanusa kiganja chake, akanusa tena.

"Huu ni mti gani?"

"Mahogani, Mama."

Akaenda kuoga.

Jumamosi, 14 Juni

Inafanya kazi!

Nimekata tyubu ya baiskeli, nikaizungushia kwenye kifuniko, nikakaza kwa kamba. Paipu ya nje nimeigeuzia upande wa ukuta wa nyuma. Nimepasua mbao asubuhi nzima. Nilipozima na kupitisha kidole juu ya meza yangu, kidole kilitoka kama kilivyoingia. Pipa limejaa nusu. Niliingiza mkono humo hadi kwenye kiwiko, bila sababu yoyote, kwa furaha tu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini nilimwita Mayen atazame. Akasema tutaona tarehe 21. Asante, mume wangu, kwa maneno hayo matamu.

Mchana Mama Abuk alikuja na ndoo. Bila salamu, akafungua pipa langu, akachota, akaondoka. Nikadhani anakwenda kuyamwaga, yaani ananisaidia usafi. Ndoto za mchana hizo.

Magharibi nimeona moshi. Amechimba kishimo uani, amewasha maranda yangu, yanaungua polepole bila mwali, yeye ameketi kwenye kiti chake katikati ya moshi akimwimbia ng'ombe dume wa marehemu mumewe. Nilikwenda kukohoa karibu naye ili aelewe. Hakuelewa. Lakini nilikaa pale muda mrefu na sikuumwa na mbu hata mmoja.

Jumanne, 17 Juni

Nimeajiriwa. Kila alasiri bosi wangu anakuja gerejini na ndoo, anaketi mlangoni, anangoja. Jana nilikuwa napasua mtiki. Akanusa, akakunja uso: mtiki unauma macho. Anataka mahogani. Leo nilikuwa nimemaliza kazi, meza iko tayari, nasubiri gundi ikauke. Akatazama ndoo tupu, akanitazama mimi.

Nimeranda ubao mzima, mzuri, hadi ukawa mwembamba kama chapati, ili mama wa watu apate moshi. Halafu anasema mwanamke haonekani akiranda.

Ila leo alinyoosha mkono akashika mguu wa ile meza. Akautikisa kwa nguvu. Haukutikisika. Akachukua ndoo yake, akaondoka.

Ijumaa, 20 Juni

Mayen amekagua leo badala ya kesho, kama mwalimu wa mtihani wa kushtukiza. Kidole mezani: safi. Kidole juu ya friji, mahali ambapo hajawahi kufika tangu tuoane: safi. Nikamshikia hata kiti apande afike juu ya kabati. Safi.

Nilidhani yamekwisha. Akavua shati lake la ofisi, akaniletea puani. Moshi. Leo kwenye mkutano bosi wake alimwuliza kama amelala na ng'ombe. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Vumbi au moshi, yote yanatoka gerejini."

"Moshi mwambie mwenye moto," nikamwambia. "Yuko pale nje."

Akatazama dirishani. Mama yake alikuwa anachochea kwa kijiti. Mayen, anayeongoza watu thelathini kazini, ghafla akakumbuka kwamba kamba za viatu vyake hazijafungwa vizuri. Akafunga. Akafungua. Akafunga tena.

Kisha nikaona akili yake ilipofika. Kumkataza mama hawezi. Lakini pasipo msumeno hapana maranda, na pasipo maranda hapana moshi. Mama atadhani ni mimi niliyeacha kazi. "Kesho gari linaingia," akasema. Hakunitazama.

Nimelia. Kidogo, gerejini, na safari hii sikuwa na vumbi la kusingizia. Feni ile inavuta vizuri mno. Nimetimiza kila alichosema, na bado.

Jumamosi, 21 Juni

Naandikia kwenye benchi langu. Sijahamisha hata msumari. Kama anataka kutoa, atoe mwenyewe.

Saa kumi Mayen ameleta gari hadi mbele ya gereji, pua ndani ya kivuli. Amepiga honi. Nimebaki nimeketi. Amepiga tena.

Mama Abuk ametoka na kiti chake na ndoo yake. Nilifikiri anakuja kushuhudia. Ameweka kiti katikati ya mlango, palepale anapokaa siku zote, ameketi, ameweka ndoo magotini. Gari liko nyuma yake. Hajageuka.

Mayen ameshuka. Amesema kwa Kidinka, kwa ile sauti ya mtoto, Mama, tafadhali, sogea niingize gari. Mama ameuliza jua linazama saa ngapi. Mayen akasema Mama, gari. Mama akasema gari halina damu, mbu hawalitaki. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, alirudishe barabarani, maana hii ni gereji ya huyu.

Huyu. Jina bado sina.

Mayen amerudi ndani ya gari lakini hajalizima. Linanguruma tu. Ananitazama kwa juu ya kichwa cha mama yake, anataka niseme kitu, nimwondolee aibu. Umeme upo. Kuna ubao mmoja wa mahogani umebaki, ule niliomwekea mwanetu Ayuel wa kutengenezea dawati.

Mama Abuk amegonga ndoo sakafuni. "Wa Kenya. Washa."