Mama Mzee Aliyeninyang'anya Ndoo

Husby, Stockholm
Septemba 2008

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unatembea vizuri, na mguu hauumi tena tangu ulipoteleza kwenye ngazi ya mawe. Kikohozi cha asubuhi je, kimepungua? Sisi huku hatujambo. Neema amerudi shuleni. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, lakini wewe bado anakuita nyanya.

Mwezi uliopita nilikwenda Marekani kumwona mdogo wangu Wakesho, kama nilivyokueleza. Nataka nikusimulie siku moja tu ya safari hiyo. Nimeiandikia kurasa nne kwenye daftari langu, maana inakuhusu wewe.

Ilikuwa Jumamosi. Wakesho alinipeleka kwenye kijiji kidogo cha zamani huko Pennsylvania, katikati ya nchi ya Waamishi. Hawa ni Wakristo wanaoishi kama mababu zao: nyumbani hawaweki umeme, na husafiri kwa magari ya farasi. Nyumba zao za mawe ni kuukuu, na bado zina watu. Tuliingia kwenye shamba moja lenye kibao cha kuuza mayai. Uani tukamkuta mama mzee, mgongo umepinda, amebeba ndoo ya maji. Unaijua kazi yangu, Mama, kutwa ni kuwashika mkono wazee ninaowatunza. Mikono ikatangulia akili. Nikamshika kiwiko, nikachukua ndoo.

Aliivuta kwa nguvu, maji yakanimwagikia miguuni. "Nimekuomba?" akaniuliza.

Wakesho alicheka mpaka akashika uzio. "Dada, uko likizo! Wazee wako umewaacha Stockholm!"

Nikaomba radhi. Mama mzee akatazama viatu vyangu vilivyolowa, naye akacheka. Alituuzia mayai, kisha akatuonyesha anapoishi: kijumba kilichoshikana na nyumba kubwa ya mwanawe. Ndiyo desturi yao. Mtoto akilishika shamba, wazazi huhamia kijumba cha pembeni, wakawa na mlango wao na jiko lao.

"Ukiugua?" nikamwuliza.

"Nagonga ukuta. Mkaza mwanangu anakuja."

"Na usipougua?"

"Basi asubiri nimkaribishe."

Njiani nilikuwaza wewe. Kaka Mwadime aliponiambia kwamba baada ya kuanguka kwako uhamie kwake Changamwe, ghorofa ya tatu, nilisema ndiyo bila kukuuliza. Na ulipolia kwenye simu kwamba huwezi kuacha migomba yako na kaburi la baba, nilikuambia usiwe mkaidi. Nisamehe, Mama.

Niliporudi nilimpigia Mwadime, nikamsimulia habari za yule mama mzee. Nikamwambia, kwa kuwa siku nyingi anataka kujenga nyumba yake mwenyewe, akajenge nyumbani Wundanyi, ukuta kwa ukuta na wewe.

"Hayo ni mambo ya Wazungu wa farasi," akanijibu.

Mkewe akampokonya simu. "Wifi, ngazi za hapa zimenichosha magoti. Mwambie tena huyu kaka yako, mimi niko hapa nasikiliza."

Nikamwambia tena. Alinung'unika wiki mbili, halafu juzi akanipigia mwenyewe. Habari ya Changamwe ameiacha. Mwezi ujao atakuja na fundi kupima. Mpaka nyumba isimame, binamu yetu Mghoi yuko tayari kulala kwako, lakini ni wewe utakayesema aje au asije.

Mwadime akifika, usimwachie aamue peke yake. Mwonyeshe ni upande gani unataka nyumba zishikane. Kama wazo lenyewe hulitaki, mwambie hulitaki. Nimeshamwonya asichimbe hata shimo moja kabla hajasikia kwako.

Nisalimie mchungaji wetu, jirani yako anayekuletea maziwa, na mjomba mwenye duka. Mjomba mwambie picha yake na wajukuu nimeitundika sebuleni. Neema anakusalimu sana.

Nakukumbatia kutoka mbali,
mwanao,
Mshai