Kitabu cha Mwalimu Omer Kisimfikie Mkwe Wako

Musonoi, Kolwezi
9 Juni 1957

Mpendwa dada yangu, Yaya Mbayo,

Huu ni mwaka wa tatu tangu nipande treni kuja huku shimoni kuchimba shaba. Hujambo? Goti lako limepona? Mimi mzima, ila mgongo umechoka na koleo, na vumbi halitoki kifuani.

Yaya, nina neno zito. Unajua navipenda vitabu vya Mwalimu Omer, yule aliyefundisha hapo kwetu na kula bukari kwako kabla riwaya zake hazijajulikana mpaka Elisabethville. Ninavyo viwili vya zamani, vya chapa ya kwanza. Alivitia sahihi mbele yangu alipopita hapa Musonoi. Navisoma polepole, kwa kidole, lakini navisoma.

Mkwe wako Polycarpe, mume wa Valérie wetu, anavyo vinne vya namna hiyo, vyote vyenye sahihi. Amevipanga nyuma ya kioo kama watakatifu wa kanisani. Jumapili alinicheka mimi, mjomba wa mkewe, mbele ya wageni: "Tata mukwe, bitabu byako biko na harufu ya sabuni!" Ni kweli, naviweka sandukuni pamoja na sabuni. Nikamjibu, "Na byako biko na harufu ya kujisifu." Watu walicheka, lakini nilirudi nyumbani na moyo mchungu. Namwonea wivu, sikufichi. Karani anayekaa kitini mchana kutwa, na hata vitabu anipite!

Anachokosa ni kile cha kwanza kabisa, chenye jalada la kijivu, ambacho Mwalimu alikuandikia, "Kwa Mama Mbayo, aliyenilisha." Maneno hayo yananichoma hata mimi, maana maji yake nilikuwa nachota mimi. Sasa Valérie ameninong'oneza kwamba mumewe anakuja huko likizo na vitenge vizuri, akuombe kitabu hicho.

Usimpe, Yaya. Kitoe hapo barazani, mahali unapowaonyesha wageni, ukisukume chini ya kitanda chako. Kwa mila yetu mkwe haingii nyumba ya mama-mkwe. Akituma mtu, jibu kwamba goti linauma, huwezi kuinama kukitafuta.

Nisalimie shemeji Mbelu na watoto wote. Mungu awape mavuno mema na usingizi wa amani.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi. Nitafika kabla mvua hazijakolea. Polycarpe na asimame uani na vitenge vyake. Mimi nitaingia moja kwa moja mpaka kitandani kwako na kuinama mwenyewe. Mimi si mkwe.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata kwa wivu,
Kyungu