Yasiin na Magurudumu ya Mbele

Kawempe, Kampala
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa Dada Nusura,

Assalam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepungua uvimbe tangu tulipoongea siku ya Idd. Je, dawa ya kuchua niliyokutumia imekufaa? Na Sumayiya, amejifungua? Kila siku nawaulizia nyote hapo Kibra, na kila siku namwomba Mwenyezi Mungu awaweke.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua zimekatika wiki hii, lakini ukuta wa uani ulianguka mwezi uliopita na bado haujajengwa, kwa hiyo mbuzi wa jirani wanaingia watakavyo. Idd tuliila vizuri. Uliniuliza mbona sauti yangu ilikuwa chini, nikakuambia ni mafua. Sikuwa na mafua, Dada. Nisamehe kwa uongo huo.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeishika simu mara tatu tangu Jumapili, na kila mara nimeiweka, kwa sababu najua ungeanza kulia nami ningenyamaza. Kwa hiyo naandika, na mke wa jirani yetu Siraje, anayesafiri kuja huko kesho, atakukabidhi mkononi. Jambo lenyewe linamhusu mwanao Yasiin. Hajaumia, hajafungwa. Kaa kitako usome mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu. Mwaka wa kumi na sita huu nawaendeshea watu wa chanjo, kupeleka dawa milimani ambako barabara inaishia na gari linaendelea. Tuko madereva wanane, na magari yetu ni yale ya gia ya mkono, mazee, lakini tunayajua kama watoto wetu. Mwezi wa tatu wakubwa walituambia kuna kampuni inataka kuwakodishia magari mapya. Gari jipya lina kitufe: ukikibonyeza, kompyuta yenyewe inagawa nguvu kwa kila gurudumu, inashika breki, inachagua gia. Dereva anashika usukani tu. Wakasema kampuni italeta magari na madereva wake, na sisi wanane hatutahitajika.

Tulikataa. Okwera, ambaye ndiye mkongwe wetu, alisimama akasema, "Hii milima haipandwi na kitufe. Leteni hiyo gari, tupande pamoja, tuone." Bosi wetu wa usafiri, Mama Benedicte, mwanamke wa Bukavu asiyependa maneno mengi, akakubali. Mlima mmoja, mzigo sawa, kila gari jaribio moja. Madereva wakanichagua mimi.

Mahali penyewe ni machimbo ya mawe yaliyoachwa, huku nje ya mji. Siku moja kabla nilikwenda nikaupanda mlima ule kwa miguu mara nne. Katikati kuna jabali tupu, linateleza kama sahani yenye mafuta, na kushoto kwake mvua imechimba mfereji unaoweza kumeza gurudumu zima. Nikaona njia yangu: gurudumu la kushoto lipite begani mwa jabali, la kulia likanyage changarawe, gia ndogo, namba mbili, na mguu usiguse klachi hata kidogo mpaka juu. Yasiin alikuwa nami. Tuliweka mawe madogo ya alama pamoja.

Wewe hukupata kuendesha, kwa hiyo nikueleze kitu kimoja, maana ndicho kiini cha barua hii. Katika magari yetu ya zamani, katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifundo cha kuzungusha kwa mkono. Ukikifunga, gurudumu la mbele linavuta. Ukikiacha wazi, linafuata tu kama mkokoteni, hata ukiweka gia zote unazotaka. Mwenzako ndiye anayeshuka kufunga, akakugongea boneti, nawe ukaondoka. Yasiin ni fundi wa magari yetu. Amenifungia vifundo hivyo tangu alipoanza ufundi, katika milima ya Kapchorwa, Kisoro, Bundibugyo. Sijawahi kushuka kukagua nyuma yake.

Jumatano ile, tarehe ishirini na moja Mei, tulifika asubuhi. Kulikuwa na hema la kampuni, wageni wenye viti, na kijana wa kupiga picha za video anayeitwa Saverio. Yasiin akainamia gurudumu la kulia, akainamia la kushoto, akagonga boneti mara mbili. "Tayari, Mama mdogo. Nenda."

Nilianza vizuri. Nilipofika chini ya jabali nikasikia usukani umekuwa mwepesi mno mkononi. Nikadhani ni changarawe. Nikalileta gurudumu la kushoto begani pale pale nilipopanga, na gari likasimama. Magurudumu ya nyuma yakawa yanachimba na kurusha mawe, pua haivuti, halafu mkia ukaanza kuvutwa kuelekea mfereji. Dada, nilitamka shahada. Nikaingiza gia ya nyuma, nikaachia breki, nikaiacha injini ishike, na nikalishusha kinyumenyume mlima mzima nikitazama kioo. Sikuligusa hata jiwe moja la alama. Watu wa hema wakapiga makofi, yale makofi ya kumliwaza aliyeshindwa.

Kisha likapanda gari jipya. Sitakudanganya, ni gari zuri. Kila gurudumu linajitafutia mahali pake, linashika, linaachia, na dereva wake, mtu mwenye viatu vyeupe, alinionyesha baadaye kwamba mguu wake haukuwa hata juu ya mafuta. Lilifika juu. Ningeshindwa nalo kwa haki, ningelisifu na kuzoea.

Lakini nilipozunguka gari langu niliona vifundo vyote viwili viko wazi.

Nilimtazama Yasiin. Akatazama chini. Nikafikiri amesahau, maana watu wengi walikuwa wanamtazama, na kusahau kupo katika kazi. Mama Benedicte akaja na chupa ya maji akauliza, "Iko nini, Rashidah? Wewe haukuwa hivi." Nikamjibu, "Ni mimi. Sikukagua vifundo." Na ni kweli, dereva ndiye wa kukagua. Nilijua nikimtaja Yasiin hatapata tena kazi ya ufundi pale. Nikaomba turudie. Akasema masharti yalikuwa jaribio moja, na wakubwa wameshaona.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Yasiin aliajiriwa na kampuni ile ya magari mapya, nami nikamfurahia, nikasema angalau mmoja wetu amepata. Kule yadi yetu ya magari, Bugolobi, wenzangu wakaanza kunyamaza nikifika. Mwisho Okwera akaniuliza mbele ya wote, na wala hakupaza sauti: "Rashidah, umetuuza? Dereva wa miaka kumi na sita anasahau vifundo, halafu mtoto wake anapewa kazi kule?" Niliapa. Akasema, "Sawa," akaenda zake. Ile sawa yake bado ninaisikia.

Siku ya Idd Yasiin alikuja na mguu wa mbuzi na khanga mpya kwa ajili yangu. Akala, akacheza na watoto, akaniita mama yake mbele ya majirani. Siku iliyofuata akaja Saverio, yule wa video. Alikuwa anakata picha za tangazo la kampuni akaona kitu kikamsumbua. Akanipa simu. "Mama, mimi si fundi," aliniambia, "lakini kwa nini anafungua kile alichokwisha kufunga?"

Nilimwona mwanao kwenye kioo cha simu, Dada. Amepiga goti, anafunga kifundo cha kulia kama nilivyomfundisha. Anafunga cha kushoto. Anageuka kutazama hema, anabaki hivyo muda mfupi. Kisha anakifungua. Anarudi upande wa kulia, anakifungua na kile. Halafu anagonga boneti mara mbili.

Niliitazama mara nyingi mpaka Saverio akaniomba simu yake.

Jumapili asubuhi nilimwita Yasiin, nikamwambia panda twende. Gari bado liko mikononi mwangu mpaka tulirudishe. Najua sikuwa na ruhusa. Hakuuliza twendako. Tulipofika machimboni nikamwambia, "Shuka, funga vifundo." Akafunga. Nikashuka mimi pia, nikavikagua kimoja kimoja naye amesimama. Ndipo akajua kwamba najua.

"Walikuambia nini?" nikamwuliza.

"Walisema gari la zamani likipanda, hakuna mkataba. Bila mkataba, hawana kazi ya kunipa." Alikuwa anajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Nimechoka kulala chini ya magari, Mama mdogo. Nina miaka ishirini na tisa."

"Kwa hiyo ukaona niteleze mpaka mferejini mle."

"Hapana! Nilijua utalishusha salama. Hakuna dereva mwingine ambaye ningemfanyia hivyo. Wewe peke yako."

Angenipiga kofi ningelisahau. Nilimlea toka ana miaka kumi na miwili, ulipomleta baada ya kumzika baba yake, Abdul-Latif, na ukasema, mdogo wangu, huyu sasa ni wako. Ujuzi wangu wote niliompa, aliupima, akaona unatosha kumruhusu aniumize.

Nikamwambia aingie. Njia ilikuwa ile ile, namba mbili, kushoto begani mwa jabali. Nikasikia pua inavuta, gari likanung'unika, likapanda. Hatukuteleza hata upana wa kiganja. Kule juu kilima cha Naguru kilionekana ng'ambo, na upepo ulikuwa mwingi. Yasiin aliweka kichwa mikononi. "Limepanda," akasema.

"Lingepanda siku ile," nikamjibu. Nikampa siku tatu aende mwenyewe kwa Mama Benedicte kusema ukweli, kabla madereva hawajapewa barua zao za kuachishwa. Kisha nikamwambia ashuke mlima kwa miguu, kwa sababu wakati ule sikuweza kukaa naye ndani ya gari moja. Nilimsubiri chini. Kwa kumteremsha hivyo nimejilaumu, na sijajua kama nilikosea.

Siku tatu zilikwisha jana. Hakwenda. Leo asubuhi amenitumia ujumbe kwamba wamempeleka Mbarara kufundishwa gari jipya, na mwisho ameandika, "Mama mdogo, tuyaache haya." Maneno hayo tu.

Barua za kuwaachisha watu zinatolewa Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu saa tatu asubuhi nitaingia kwa Mama Benedicte pamoja na Okwera na wenzangu wote, na video ile, nami nitataja jina: Yasiin Abdul-Latif, mtoto wa dada yangu. Sijui kama itaokoa kazi ya mtu yeyote. Huenda wakayachukua magari mapya hata hivyo, na huenda ndivyo inavyopaswa. Lakini watu saba wataondoka wakiamini mimi ndiye niliyewauza, na sitakubali kulibeba hilo kwa ajili ya mtu ambaye hataki hata kunitazama usoni.

Nimetaka ulisikie kwangu kabla ya wote. Usinipigie kabla ya Jumatatu, tafadhali, maana ukiniomba nitakusikiliza, na sitaki kukusikiliza katika hili. Nipigie Jumatatu jioni. Nipigie hata kama ni kunitukana.

Nisalimie Shemeji Dawudi na Sumayiya na mtoto wake, kama amekwisha kuja. Mwambie bibi wa nyumba ya pili kwamba ubani wake umefika. Mola akupe shifaa ya goti na subira ya moyo, na atulinde sisi sote na watoto wetu, Yasiin akiwamo. Sijamtoa kwenye dua zangu. Akirudi nyumbani atakuta mlango wazi. Ila maneno ya kumwambia akishaingia, Dada, bado sina.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

Rashidah