Kwa Kaka Aliyesikia Kura Yangu

Ejok, kaka yangu wa Kakuma,

Najua barua hii utasomewa na mtu huko kwenye baridi ulikohamishiwa. Basi huyo msomaji avumilie, maana nakuja na maungamo, na asicheke mapema.

Unakumbuka ile Jumamosi? Ofisi ya serikali pale Lodwar ilikuwa imetuambia watu wenye ulemavu wote, wenyeji na wakimbizi, tulete jina moja la mwakilishi wetu kwenye kamati yake kufikia Jumatatu, la sivyo nafasi inapewa mtu mwingine. Sisi wenyeji wa Lodwar tukaja kwenu kambini Kakuma tukiwa tumeapa hatuwakilishwi na mgeni. Nyinyi nanyi mlikuwa mmeapa hamwakilishwi na mtu anayewaita wageni. Wagombea wakawa wawili: mimi na magurudumu yangu, wewe na fimbo yako nyeupe.

Tukasema watu wanyooshe mikono. Ukauliza, "Na mimi nitaona hiyo mikono na nini?" Haya, wapige makofi. Akiru, dada yetu kiziwi, akagonga meza, akatueleza kwa ishara kwamba makofi tubaki nayo wenyewe. Saa nzima tunabishana, sisi tunaolalamika kila siku kwamba serikali haitufikirii! Mwishowe mama mpishi akachoka, akaweka sufuria mbili nyuma ya shuka: kila mtu aingie atie jiwe lake, iwe siri.

Siri gani, kaka? Wewe ulikuwa umeketi hatua mbili kutoka kwenye shuka, unatabasamu.

Nikapata tisa, wewe nane. Nilishangilia mpaka gurudumu likamkanyaga mpishi. Ndipo ukaniinamia ukasema, "Dada, kiti yako inalia sana. Nilisikia imeenda kwa sufuria ya kuume." Sufuria ya kuume ilikuwa yangu. Woi! Nilitamani mchanga wa Kakuma unimeze. Nikajitetea, "Kwani wewe hukujipigia?"

"Mi niliweka yangu kwako. Ngazi za ile ofisi mi napanda. Wewe hujaingia ndani hata siku moja."

Ni kweli. Miaka yote nilisubiri chini juani, karatasi zangu zikipanda bila mimi. Na bado nilikuja Kakuma kuhakikisha wewe hupandi. Niliona haya, kaka, na bado naona.

Rampu ya kupandishia magurudumu ipo sasa pale ofisini. Ina mwinuko wa kichaa, kushuka lazima usali kwanza, lakini ipo. Wenzako walikuja kutoka Kakuma na Kalobeyei wakakaa nami pale nje siku tatu wakiimba mpaka tukajengewa, Akiru akiwaongoza katika wimbo asiousikia.

Juzi muda wangu ulikwisha, tukapiga kura tena kwa sufuria zile zile. Mgombea wenu ni binti Mrundi anayetembelea magongo. Wetu ni binamu yangu, naye pia haoni, kama wewe, na alikuwa ameshaniambia mbuzi wa sherehe yuko tayari. Asubuhi fundi alitaka kukipaka kiti changu mafuta. Nikakataa katakata. Zamu yangu ilipofika nikajisukuma polepole nyuma ya shuka, kiti kikilia njia nzima, hadi sufuria ya kushoto, ile ya upande wenu.

Binamu yangu alisikia vizuri sana. Hanisemeshi mpaka leo.

Mimi dada yako wa Lodwar, ambaye safari hii nilitaka nisikike.