Mafuta ya Nazi kwenye Gitaa la Mjomba

Jumatatu, 8 Septemba
Nyuzi zimeshika kutu tena. Wiki mbili tu! Hapa Gazi chumvi ya hewani inakula kila chuma. Nimezifungua zote, nimepaka shingo na mwili wa gitaa mafuta ya nazi, kama tunavyopaka nywele na bawaba za mlango. Mbao zimeng'aa. Nimejisifu sana. Jumamosi nitapiga hotelini Diani kwa mara ya kwanza, na gitaa hili la umeme ni la Mjomba Bakari. Alilipiga hadi kiharusi kilipolaza mkono wake wa kulia. Ana watoto wanne wa kiume, akanipa mimi.

Jumatano, 10 Septemba
Sisimizi. Msururu mzima, kutoka dirishani hadi ndani ya gitaa. Mafuta yalizidi, yakapenya mpaka kwenye swichi. Nimefunga nyuzi mpya, nikachomeka kwenye spika: mkwaruzo, kisha kimya. Nimeliua. Mjomba sijamwambia. Leo nimempa shikamoo ya mbio, nikapita. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimefungua kifuniko cha mbele. Subhanallah.

Sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mzunguko juu ya mzunguko, sijui ni maelfu mangapi, na hakuna uliokwenda kombo. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Mjomba: "Nimezungusha upya kwa mkono, Gazi." Kwa mkono! Miaka yote nilimjua kama mpigaji wa hotelini tu. Nimekaa sakafuni nikiutazama ule waya. Chakula cha mchana kimenipita.

Ijumaa, 12 Septemba
Baada ya swala nilimpelekea gitaa, nikakiri kila kitu. Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

"Nazi ni ya wali, mwanangu," akasema.

Kisha kazi. Mswaki mpya na spiriti kidogo kwenye swichi. Kitambaa kikavu kwenye mbao. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Nikauchomelea, yeye akielekeza kwa mkono wa kushoto. Tukachomeka. Kimya. Nikasugua swichi tena.

Sauti ikatoka, safi kabisa.  

Jumapili, 14 Septemba
Jana nilipiga. Nilikosea mara mbili, wakanipigia makofi hivyo hivyo.

Leo asubuhi nimelipeleka gitaa kwa Mjomba. Mambo ya hotelini hakuuliza. Alilipakata, vidole vya kushoto vikatafuta mahali pake kwenye shingo, vikabana nyuzi. Akanitazama, akangoja. Nikasogea ubavuni pake, nikapiga nyuzi kwa mkono wangu wa kulia. Tulimaliza wimbo mzima.