Miparachichi ya Mjomba

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimemwagilia miche kabla ya shule. Miparachichi sita, yote hai. Nimepunguza nyasi za kivuli ili izoee jua, kama Mwalimu wa Kilimo alivyofundisha. Amesema ukikaa kwa mtu, mpe mche. Atakula yeye na wajukuu wake. Mimi nakaa kwa Mjomba hapa Kitura tangu kidato cha kwanza, kwa kuwa kwetu Lipingo sekondari iko mbali. Mjomba hajui miche ni yake. Mkewe anaiita "vifuko vyako". Hanipendi.

Jumamosi, 18 Oktoba
Wameenda harusini. Nimechimba mashimo ukingoni mwa kahawa, juu ya ngoro, matuta ya huku yenye vishimo katikati, pasipomsumbua mtu. Udongo wa juu kushoto, wa chini kulia. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Nimefunika kwa nyasi ili wasione. Viganja vina malengelenge. Nina furaha. Nataka tu wanibakishe hadi kidato cha nne. Mjomba alisema ataamua mwaka ukiisha.

Jumapili, 2 Novemba
Jana mvua ya kutosha. Nimesali misa ya kwanza, wao ya pili. Nimechana viriba, ile mifuko ya miche, kwa wembe, mizizi haikukatika. Nimepanda yote. Waliporudi nikapiga goti. "Shikamoo, Mjomba. Nina zawadi yenu." Nikawapeleka shambani.
Mjomba aliinama akaitazama miche. Mkewe alicheka, akamwita jirani. "Njoo uone, mtoto wa wifi yangu ameanza kugawa shamba."
"Nani amekutuma?" Mjomba akauliza.
"Hakuna, Mjomba. Ni zawadi."
"Mgeni anapanda mahindi, anavuna, anaondoka. Wewe umepanda miti. Huyo ni mama yako amekutuma."
Sikulifikiria hilo. Huku mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Shamba lilikuwa la Babu. Alipofariki waligawana wanaume, Mama hakupata hata tuta. Mwalimu si mtu wa huku, hakutuambia.

Jumatatu, 3 Novemba
Mjomba amenilazimisha niing'oe mwenyewe, jirani akitazama. Nilivuta polepole.
"Vuta bwana," mkewe akasema. "Mbona kupanda ulikuwa na nguvu?"
Miche imetupwa zizini. Mbuzi wameinusa, wameikanyaga. Namchukia yule mama. Shuleni nimesinzia, nikachapwa.

Alhamisi, 6 Novemba
Mjomba amempigia Mama simu. Aje Jumamosi alikatae shamba mbele ya wazee wa ukoo, la sivyo nifungashe. Mtihani wa kidato cha pili umekaribia. Nafungua kitabu, sisomi. Ni mimi niliyemletea Mama haya.

Jumamosi, 8 Novemba
Mama amefika na usipa mkavu, dagaa wa kwetu ziwani, kwa heshima. Wazee kwenye viti, yeye chini.
Alisema hana shamba Kitura, wala watoto wake hawana.
"Sema kwa sauti, mzee hapa hasikii," mke wa Mjomba akasema.
Mzee alikuwa amesikia. Alikwisha kuitikia kwa kichwa. Hata hivyo Mama alirudia, kwa sauti, kama mtoto anayesoma darasani. Mjomba alitazama viatu vyake. Ni dada yake, wamenyonya ziwa moja.
Usipa umepokelewa. Mama hakupewa hata uji. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilitaka kuomba msamaha, nikalia tu.
"Miche ilikuwa mizuri?" akauliza.
"Ndiyo, Mama."
"Haya. Soma."
Gari likaja.

Jumapili, 9 Novemba
Nimeruhusiwa kubaki hadi kidato cha nne. Mjomba amesema chumba changu kinahitajika, nichague ghala au jiko. Nimechagua jiko. Moshi ni mwingi. Lakini moto wa asubuhi unatosha kuona maandishi, na saa hiyo hakuna anayenisemesha.